Niliyowaambia Mitetea wa Mama Mkwe

Nilikaa lupango moja, yaani kiwanja kimoja cha nyumba, na mama mkwe wangu karibu mwaka mzima, na mpaka leo sura yake siijui. Najua visigino vyake vilivyopasuka. Najua mgongo wake, kikohozi chake, na kitambaa cha kichwa chenye rangi ya majani makavu. Sura, hapana. Watoto wa siku hizi wakisikia hivyo wanadhani tulikuwa na ugomvi. Ugomvi gani? Ilikuwa haya ya ukwe.

Kwa watu wa Niemba, alikotoka mke wangu, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Kwetu, kaskazini ya ziwa, haya hiyo ipo pia, lakini hulegea kidogo mtu akishazaa. Yao hailegei. Nilipooa niliikubali bila kufikiri sana, maana mama mkwe alikuwa Niemba na mimi nilikuwa hapa Kalemie, mji wa ziwani ambao bado tuliuita Albertville, na katikati yetu kulikuwa na reli ndefu. Ni kazi nyepesi kumheshimu mtu aliye mbali.

Kisha ukaja uhuru, na nyuma ya uhuru vita, na reli ikakatika. Watu wa upande ule wakaanza kuingia mjini kwa miguu, wakifuata vyuma vya reli, na vitanda vichwani. Mchana mmoja natoka kazini, mikono yangu imejaa grisi, maana kazi yangu ilikuwa kuunganisha mabehewa, nikamkuta mke wangu amesimama kwenye mlango wa lupango kama askari.

“Papa, usiingie,” akasema. “Mama iko ndani.”

Nikabaki njiani, nje ya nyumba yangu mwenyewe, na kopo langu la chakula mkononi, majirani wananitazama kutoka barazani kwao. Hiyo ndiyo ilikuwa haya ya kwanza. Ningejua zilizokuwa zinakuja, hiyo ningeiita sherehe.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kampuni ya reli, katika kambi ya wafanyakazi wake: vyumba viwili, mlango wa mbele, mlango wa nyuma, choo kimoja, na jiko huko uani lililozungushiwa ua wa matete. Mama mkwe alikataa kulala chini ya bati moja na mkwe wake. Akatandika mkeka wake jikoni, karibu na mbabula ya makaa, na huko akakaa. Mimi nikalala kitandani nikijua kwamba mama aliyenipa mke amelala kwenye majivu. Tukapanga utaratibu wetu bila kuupanga. Nikitaka kupita uani nilikohoa kwanza. Yeye naye akikohoa, nilirudi. Siku nilipomkuta katikati ya uwanja, hana pa kukimbilia, alichukua tenga la kuku akajifunika kichwa mpaka nikapita. Wenzangu wa kazini walikwisha kusikia. “Huyu anaingia kwake kwa kukohoa,” walisema, “sawa mugonjwa wa kifua.”

Ningeweza kulalamika, lakini mke wangu alikuwa na mimba. Mimba ya kwanza ilikuwa imetuvunja. Mtoto alitoka amekwisha kufa, na kwa miezi mingi mke wangu hakuimba tena wakati wa kupika. Safari hii aliniambia neno moja tu, nalo halikuwa na mlango wa nyuma: “Bila mama, mimi sizai. Mama akienda, tunaenda wawili.” Kwenda wapi? Kule risasi zilikuwa bado zinalia. Kwa hiyo nilikohoa.

Sasa, tenga lile. Mama mkwe hakukimbia na sufuria wala godoro. Alikimbia na mitetea watatu, wasichana wa kuku, miguu bado laini, hawajataga hata siku moja. Njia nzima aliwabeba kichwani, akilala porini nao, na wenzake walipotaka kuwachinja akakataa. Haendi kwa mkwe mikono mitupu. Mke wangu aliponiambia hivyo nilitazama pembeni.

Nasi tulikuwa na kuku wetu, wachache, wazee, wenye nyumba. Mkubwa wao alikuwa jike mwekundu tuliyemwita Madamu, kwa sababu alitembea kama wake wa wazungu wa reli walivyotembea zamani wakienda sokoni: kifua mbele, macho hayaoni mtu. Siku ya kwanza mitetea walipofunguliwa, Madamu aliwatazama kidogo tu. Kisha akamrukia mmoja, akamng'oa manyoya ya kichwani, na wengine wote wakafuata, hata jogoo, mjinga yule, ambaye hakuwa na sababu yoyote.

Mama mkwe akapasua pindo la kikwembe chake, akatoa vipande vitatu. Akawazungusha mitetea kwenye mafiga ya jiko, kila mmoja, ili wajue moto wa nyumba hii ni upi, kisha akawafunga miguu na vile vipande na kuwafungia kwenye shina la mpapai, pale ambapo wenyeji wangewaona bila kuwafikia vizuri. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hiyo niliisikia tangu utoto, lakini sikuwahi kuitazama kila asubuhi nikinawa uso.

Na asubuhi moja nikinawa uso, nikasikia sauti nyuma ya matete.

“Nyinyi kuku,” ilisema. “Mwenye lupango akiuliza juu ya chumvi, mumwambie imeisha tokea jana.”

Nikageuka. Hakukuwa na mtu. Mitetea walinitazama kwa jicho moja moja. Nikasimama pale maji yananidondoka kidevuni, mpaka nikaelewa: haya inakataza kusema na mkwe, haikatazi kusema na kuku. Nikamtafuta Madamu kwa macho.

“Madamu,” nikasema, “ukiwaona wageni wako, waambie chumvi italetwa leo.”

Nyuma ya matete kikatoka kikohozi kidogo ambacho hakikuwa kikohozi. Mke wangu, mlangoni, alijiziba mdomo kwa kikwembe.

Tangu hapo tukawa tunaongea. Mitetea walikuwa wasemaji wake, Madamu alikuwa msemaji wangu. Kwa njia hiyo nilijua mke wangu amelala vibaya, kwamba ndakala, dagaa wa ziwani, walioletwa sokoni walikuwa na mchanga, kwamba bati la jiko linavuja. Kwa njia hiyo yeye alijua kama nitachelewa. Aliwapa kuku habari za vita vyao pia. “Leo mwekundu amewadonoa mara moja tu,” alisema. “Lakini roho yake njo ile ile, roho ya kapita.” Kapita ni msimamizi wa kazi; nilimfikiria wetu, nikacheka peke yangu uani, na taulo shingoni, mkwe ninayecheka na kuku. Nadhani katika lugha hiyo ya kuku tulipendana kidogo, kama wakwe wanavyoweza kupendana.

Kisha akawafungua. Walikuwa wamezoea vya kutosha, alisema, ingawa Madamu hakuona hivyo. Mchana aliwaacha wale naye. Jioni alisimama kwenye mlango wa banda na hakuna aliyepita. Mitetea wakawa hawana pa kulala. Wakalala juu ya baiskeli yangu, juu ya kamba ya nguo, juu ya dirisha. Na mahali alipolala kuku, mnajua anaacha nini.

Jumapili ile nilikuwa nimetoka katika wiki mbaya. Kapita wetu alikuwa amenitukana mbele ya vijana kwa kosa la mtu mwingine, nami nikayameza. Nilikuwa na shati moja jeupe la kanisani. Mke wangu alikuwa amelipiga pasi, akalitandika juu ya meza, akaenda bombani kuteka maji. Nikaingia chumbani kulichukua. Mtetea mmoja alikuwa amesimama juu ya shati, katikati ya kifua, na kazi yake alikuwa ameshaimaliza. Wa pili alikuwa ndani ya sahani. Wa tatu alinitazama kutoka kitandani kwangu.

Nikashika ufagio.

“Tokeni!” nikapiga kelele, na sauti yote niliyomnyima kapita ikatoka. “Kula munakula, kutaga hamutagi! Munakaa kwa nyumba ya muntu sawa vile ni yenu! Kwenu hakuna? Rudini kwenu!”

Mitetea wakatoka kwa mlango wa nyuma wakilia, manyoya yanaruka, nami nyuma yao mpaka uani. Na hapo nikasikia kitu kilichonisimamisha. Jikoni mtu alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ulikuwa ukipiga tangu asubuhi, kiasi kwamba nilikuwa siusikii tena. Nikausikia uliponyamaza.

Nilisimama pale na ufagio. Niliyataka yale maneno yarudi kinywani kama kuku wanavyorudi bandani, lakini neno si kuku. Nikamtazama Madamu, msemaji wangu. “Madamu,” nikasema, na sauti yangu ilikuwa imekuwa ndogo, “nilikuwa ninasema na kuku.”

Hata mtoto angeona upumbavu wake. Miezi yote ile, katika lupango lile, kusema na kuku kulikuwa na maana moja tu.

Nikavaa shati lililooshwa katikati, bado limelowa, nikaenda kanisani. Padri alihubiri juu ya kitu fulani. Mimi nilikuwa nikijitetea moyoni: ni kuku, ni shati, ni kapita, ni wiki. Utetezi ulikwenda vizuri mpaka ulipofika kwenye neno moja. Kwenu. Neno hilo nililitoa wapi? Kuku hana kwao. Kwa kuku ni pale anapolala. Hakuna mtu duniani anayemwambia kuku arudi kwao. Jasho likanitoka, na mwenzangu wa pembeni akaniuliza kama nina homa.

Niliporudi, tenga lilikuwa nje ya jiko, limefutwa, limekauka. Ndani yake mkeka umekunjwa. Mitetea watatu walikuwa wamefungwa tena, kwa vipande viwili vya kile kikwembe, safari hii wao kwa wao, tayari kwa kubebwa. Mke wangu alikuwa amekaa kizingitini, mikono juu ya tumbo.

“Umemwambia mama nini?” akaniuliza.

“Nimewaambia kuku.”

“Kuku gani?”

Nikageukia tenga.

“Kesho kuna bantu banarudia kule kwa miguu,” akasema. “Mama anaenda nabo. Na mimi nilikwisha kukuambia.”

Nilikimbia kwa jirani yetu, mke wa dereva wa treni, mwanamke wa Niemba vilevile, mwenye ulimi uliojulikana kambi nzima. Yeye angeweza kuingia jikoni, kukaa na mama mkwe, kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, na mwanzoni alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka.

“Mimi sibebi maneno ya mwingine,” akasema. “Ulimutukana kwa njia ya kuku, muombe musamaha kwa njia ya kuku. Njia njo ile ile.”

“Mama, leo ni Jumapili. Bantu bote bako barazani. Nitasema na kuku mbele ya kambi nzima?”

“Ile ya asubuhi uliisemea mbele ya nani? Mimi niliisikia kutoka kwangu nikikaanga ndizi.”

Basi nikarudi. Kwanza nilipaswa kumkamata Madamu, na Madamu hakukubali. Nilimfukuza kuzunguka banda, nikamfukuza kuzunguka mpapai, nikapita chini ya kamba ya nguo, na barazani watu walianza kunishangilia kama mpira. “Kushoto! Kushoto, mukwe!” Nikamshika mwishoni kwa mkia. Nikaenda kwenye tenga, nikiwa nimegeuza uso, nikapapasa mpaka nikapata kipande cha kikwembe kilichobaki, nikamfunga Madamu mguu, nikamfungia kwenye mpapai, mahali pale pale pa wageni. Kisha nikakaa chini, vumbini, na suruali yangu ya kanisani.

“Madamu,” nikasema. Watu walicheka. Nikangoja wamalize. “Leo wewe njo mugeni. Hata mimi ni mugeni. Nilifika hapa na mutumbwi wa bantu, kutoka kaskazini, sina kitu. Nikapokelewa. Nikalala kwa jiko ya bantu, nikala bukari, ugali ya bantu, na hakuna mwenye kuniuliza kwetu ni wapi. Hii nyumba ni ya reli. Hii udongo si ya baba yangu. Sasa nani amenipa kinywa ya kumwambia muntu arudi kwao? Ninasikia haya, Madamu. Sina mahali pa kuweka uso.”

Barazani hakuna aliyecheka sasa. Hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Madamu alijaribu kutembea kwa mwendo wake ule wa sokoni, kamba ikamvuta, akaanguka kifudifudi. Akainuka, akajaribu tena, akaanguka tena. Mitetea watatu walimtazama. Nyuma ya matete hakukuwa na sauti, wala mchi, wala kikohozi, na nilianza kufikiri kwamba nazungumza na jiko tupu.

Kisha nikamsikia. Sauti haikuwa na hasira. Afadhali ingekuwa nayo.

“Nyinyi batoto,” iliwaambia mitetea, “mumufungue mama yenu. Muntu mukubwa hafungwi mbele ya batoto.”

Kwa kitambo kidogo nilidhani anasema juu ya kuku. Mimi, mwenye kosa lile, nilidhani anasema juu ya kuku! Nikatazama barazani, nikaona vijana wa kambi wamejipanga wananitazama nimekaa vumbini, na ndipo nikaelewa ni nani aliyefungwa. Nilikuwa nimemfukuza, naye alikuwa ananifunika aibu. Uso ulinichoma mpaka masikioni. Nilimfungua Madamu, fundo likanishinda, nikalimalizia kwa meno. Nilipokuwa bado nimeinama, mchi ukaanza tena kutwanga.

Hakwenda. Tenga likarudi mahali pake. Lakini msidhani mambo yakawa kama zamani. Mitetea hawakuniletea tena habari za chumvi wala za bati. Nilikohoa, akakohoa, nikapita. Nilimwambia Madamu hili na lile kwa sauti ya kusikika, na hakuna aliyejibu. Sikumlaumu. Aliyeng'atwa na nyoka akiona ukamba hushtuka. Na tangu siku ile, kuku akiingia ndani ya nyumba yangu simfukuzi kwa mdomo. Napunga mkono tu. Wajukuu wanaona ni kichekesho, babu anayewapungia kuku kama anayeaga meli.

Madamu naye hakutubu. Aliendelea kudonoa, lakini kwa uvivu, na jioni moja ya mvua mitetea waliingia bandani wakimpita pembeni, akawa hana nguvu ya kusimama mlangoni tena. Wakalala kwenye mti wa mwisho wa kulalia, karibu na bati, wameshikana. Kesho yake vipande vya kikwembe vilikuwa vimefuliwa, vimetundikwa kwenye matete. Nilivihesabu kama mtu anayetafuta msamaha wake kati ya nguo.

Uchungu ulimshika mke wangu asubuhi, nikiwa kazini. Waliponiita nilikuta jirani yule mwenye ulimi amesimama mlangoni, na hakuwa na mzaha hata mmoja. Aliniweka uani. Mke wangu alikuwa jikoni, kwenye mkeka wa mama yake, nyuma ya matete. Nilimsikia. Ya mara ya kwanza nilikuwa nayakumbuka vizuri, na kilichonitisha sasa kilikuwa kilekile kilichonitisha wakati ule, yaani kunyamaza. Nilisimama karibu na mpapai, mikono ina grisi, nikiwaza kwamba kama nisingekaa vumbini Jumapili ile, mwanamke huyu angekuwa analia hivi kando ya reli, porini. Kisha nikawaza jingine baya zaidi: kwamba mama yake hakukaa kwa sababu nilistahili. Kelele zikazidi, zikakatika. Kimya kikaja.

Nilishika mpapai.

Halafu mtoto akalia, kilio chembamba chenye hasira, na mitetea waliokuwa wakichakura karibu nami wakainua vichwa wote pamoja. Nilitaka kukimbilia ndani, lakini ndani kulikuwa na mama mkwe, sikuweza. Nilibaki pale, sijui ni msichana au mvulana, sijui mke wangu yu hai. Hakuna aliyetoka kuniambia.

Ikatoka sauti, nyuma ya matete, ile ambayo kwa miezi ilikuwa imeninyima hata chumvi.

“Nyinyi kuku,” ikasema, imechoka, polepole. “Mumwambie mwenye lupango. Kutaga, tumetaga. Mama na mutoto wake bako bazima.”

Sikujua kama anacheka. Sijui mpaka leo. Machozi yalinitoka, na haya ikanipanda tena kutoka miguuni, palepale katikati ya furaha, nikamtafuta Madamu nimjibu kupitia kwake. Hakuwapo. Alikuwa bandani, amelalia mayai, na moja kati ya hayo halikuwa lake, lilikuwa la mtetea.

Nikakohoa, ili ajue nimesikia.